Miparachichi inanyauka huku udongo umelowa: je, kosa ni la mzizi mkuu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kiko Machame mlimani, lakini nina ekari moja huku chini kuelekea Bomang'ombe ambako miaka miwili iliyopita nilipanda miche 60 ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha. Udongo ni mzito, mweusi kidogo, ukikauka unapasuka. Mashimo nilichimba futi mbili na nusu nikajaza udongo wa juu na samadi. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri sana. Tangu masika yaliyopita majani yamekuwa madogo, ya njano, na yanalegea mchana hata siku moja tu baada ya kumwagilia. Miti 11 imekwisha kufa na kama 20 iko taabani, hasa upande wa chini wa shamba. Namwagilia kwa mfereji, zamu yangu ni mara mbili kwa wiki, na kila mti una kisahani kinachojaa maji. Kila mwezi napalilia kwa jembe na kulima kuzunguka shina ili udongo ulainike, kisha samadi naiweka shinani. Nilipong'oa mti mmoja uliokufa nilikuta mzizi mkuu umejikunja kama ndoano. Kijana wangu anasema kitalu kilituuzia miche mibovu, tung'oe yote. Jirani anasema ni migrevilea ya mpakani, kule upande wa juu, inanyonya maji. Mwingine kaniambia niongeze maji, kwani mti ukinyauka una kiu. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba kazi ya mzizi ni kunyonya maji na kushikilia mmea. Sasa mti utanyaukaje ukiwa ndani ya maji? Na je, ning'oe?"*

Shikamoo Mwalimu. Pole sana kwa miti hiyo 11. Mche wa kubebesha unanunuliwa kwa pesa na kukuzwa kwa jasho, na kuuona unakufa pale mtu anapoanza kuhesabu mavuno ya kwanza kunauma. Nikujibu kwanza kwa kifupi, maana najua unachokisubiri. Usiing'oe yote. Usiongeze maji. Na jembe, tafadhali, lisikaribie tena shina la mparachichi kuanzia leo.

Sasa sababu. Katika barua yako kuna maneno mawili niliyoyapigia mstari, na wala si ndoano ya mzizi mkuu. La kwanza ni kwamba majani yanalegea hata siku moja baada ya kumwagilia. La pili ni "hasa upande wa chini wa shamba." Hayo mawili yananieleza karibu kila kitu.

Tuanze na huo mzizi mkuu, kwa kuwa ndio uliokutia hofu. Sote tulichora picha ile ubaoni: mharage una mzizi mkuu unaoshuka wima na matawi yake ya pembeni, na hindi lina mizizi ya nyuzi mingi kama ndevu. Picha ni sahihi kwa mche uliotoka kuota. Kosa linaanza tunapoichukua kuwa ramani ya mti mzima, tukaamini kwamba chini ya kila mti kuna mti mwingine uliopinduliwa, wenye urefu uleule. Ukifukua mti wowote wa matunda uliokomaa utashangaa jinsi mizizi yake ilivyo karibu na uso wa ardhi. Sehemu kubwa iko ndani ya futi mbili au tatu za juu, nayo husambaa pembeni kupita hata ncha za matawi. Mzizi mkuu ni wa kwanza kutoka kwenye mbegu. Unashuka haraka ili mche usife kiangazi cha kwanza na upate pa kushikia. Baada ya hapo kazi ya kula na kunywa inahamia kwingine.

Ndoano uliyoiona ni kosa la kweli, sikatai. Mbegu ya parachichi ni kubwa na mzizi wake una nguvu. Ukikaa muda mrefu kwenye kiriba kifupi unagonga chini, unageuka, na kadiri unavyonenepa ndivyo mkunjo unavyokuwa mgumu kama chuma. Siku ya kupanda, dawa yake ni kukata kile kipande kilichojikunja kwa kisu kikali, na mche hautakufa kwa hilo. Utatoa mizizi mipya ya pembeni. Ukiachwa na mkunjo wake, mti huweza kulegea kwenye upepo au kudumaa miaka ya baadaye. Lakini fikiria hivi, Mwalimu: ulipopanda miche 60 hukuipanga mibovu chini na mizima juu. Ingekuwa ni ndoano, vifo vingetawanyika shambani kote. Vyako vimekusanyika bondeni, kule maji yanakoishia.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi wa miche hawaelezwi. Mti wako wa Hass si Hass mzima. Kikonyo cha juu ndicho Hass, aina iliyotokana na mti wa mfanyakazi mmoja wa posta huko California, Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Lakini mbegu iliyooteshwa ili kukibeba hicho kikonyo mara nyingi ni ya parachichi la kienyeji, lile kubwa la majimaji. Kwa hiyo mtu anaposema "Hass inavumilia hiki, haivumilii kile", muulize anazungumzia nusu ipi. Chini ya ardhi una miti 60 ya kienyeji, kila mmoja na mbegu yake na tabia yake. Ndiyo sababu mti mmoja unakufa na jirani yake, kwenye udongo uleule, bado unavumilia kidogo.

Sasa kwenye swali lako lenyewe, nalo ni zuri: mti utanyaukaje ukiwa ndani ya maji?

Ile sentensi ya "mzizi hunyonya maji na kushikilia mmea" ina pengo. Mizizi inapumua pia. Ncha ya mzizi ni mahali penye shughuli nyingi sana: chembe mpya zinazaliwa, kofia ya ncha inasukumwa mbele kati ya punje za udongo, madini yanavutwa kuingia ndani hata pale ambapo nje ni machache kuliko ndani. Hiyo yote ni kazi inayotaka nguvu. Sukari ya kuitengenezea nguvu hiyo inashuka kutoka majanini, lakini ili iunguzwe inahitaji oksijeni, na oksijeni hiyo mzizi unaipata kwenye matundu madogo ya hewa yaliyo katikati ya udongo. Ukijaza maji kisahani, unafukuza hewa ile. Oksijeni husafiri ndani ya maji taratibu mara kama 10,000 kuliko ndani ya hewa. Kwenye udongo wa kichanga maji yanapita, hewa inarudi nyuma yake. Kwenye udongo wako unaopasuka ukikauka, yanakaa. Mzizi unakosa pumzi, unaacha kunyonya, kisha unaanza kufa. Jua la saa saba linapowaka, majani yanadai maji, na chini hakuna wa kuyapandisha. Mti unalegea kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Mwenye shamba anaona mnyauko, anaongeza maji. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa.

Utaniuliza kuhusu mpunga wa Mabogini na Chekereni, kwa nini unasimama kwenye majaruba msimu mzima na haufi. Mpunga una hila yake. Ndani ya shina na mizizi yake kuna njia za hewa, kama mirija, zinazoshusha oksijeni kutoka majanini mpaka chini. Kata shina la mpunga uliangalie, utaona matundu. Mikoko ya Tanga nayo imepata njia nyingine: aina kadhaa zinainua mizizi juu ya tope, imesimama kama vidole, ivute hewa wakati wa maji kupwa. Mparachichi hauna mirija wala vidole. Kwao ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako ulizoea kulala chini ya zulia nene la majani yanayooza, udongo mwepesi, maji yanaingia na kutoka.

Na hapa nieleze mizizi ya mparachichi yenyewe ilivyo, kwani ndiyo imenifanya nikuombe uweke jembe chini. Mimea mingi hunywa kwa msaada wa vinyweleo vidogo sana karibu na ncha za mizizi. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alifukua mmea mmoja wa rai, nafaka ndugu ya ngano, wenye umri wa miezi minne, akapima mizizi yake na kupata urefu wa jumla unaozidi kilomita 600, yaani karibu safari nzima ya basi kutoka Arusha mpaka Dar. Na hapo hajahesabu vinyweleo, ambavyo peke yake vilipita kilomita 10,000. Mparachichi ni maskini kwa upande huo. Una vinyweleo vichache mno. Unategemea mizizi laini, minene kidogo kuliko uzi wa kushonea, rangi ya maziwa, inayojaa katika kiganja kimoja au viwili vya udongo wa juu na kupanda mpaka ndani ya majani yanayooza. Unategemea pia kuvu rafiki wanaoishi ndani ya mizizi hiyo na kuinyooshea nyuzi zao wakaitafutie fosforasi. Hiyo mizizi laini ndiyo mdomo wa mti. Mzizi mkuu uliokutia hofu ni mguu tu.

Kila ulipopiga jembe kulainisha udongo, Mwalimu, ulikuwa unaukata mdomo huo. Sikulaumu, nami nimefanya hivyohivyo. Nikiwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa vitabu, nilikwenda nyumbani nikawasimamia vijana walime kuzunguka miparachichi minane ya baba, tukaifanya misafi, hakuna hata jani chini. Mzee akatazama, hakusema neno. Baada ya miezi michache matawi ya juu yalianza kukauka kwenye ncha. Ndipo aliponiuliza kama nimewahi kumwona bibi akilima kihambani chini ya kahawa namna ile. Sikuwahi. Bibi alikuwa anakata majani makavu ya mgomba na kuyalaza. Kule juu, chini ya mringaringa na mruka, zulia lile halikuondoka mwaka mzima, na kahawa, ambayo nayo ina mizizi mingi ya juujuu pamoja na mzizi wake mkuu, ilikaa miaka na miaka.

Nadhani unaanza kuona pia kwa nini mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Shimo la futi mbili na nusu ulilijaza udongo mwepesi na samadi, na mche mdogo uliishi humo kama kwenye chungu. Shimo likichimbwa kwenye udongo mzito na kujazwa udongo mwepesi linageuka ndoo: maji yanaingia kirahisi, ukutani na chini hayapati pa kutokea. Mwaka wa pili mizizi ikafika ukutani, masika yakaja, ndoo ikajaa.

Mizizi iliyokosa pumzi haifi peke yake. Kuna anayeisubiri, na kwa dalili ulizonieleza namshuku sana. Jina lake la kitaalamu ni Phytophthora cinnamomi, na jina hilo la kwanza kwa Kigiriki ni "mwangamiza mimea." Ndugu yake ndiye anayeunguza nyanya na viazi wakati wa mvua, na ndiye aliyeleta njaa kubwa Ireland kuanzia mwaka 1845. Huyu wetu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko Sumatra, kwenye mdalasini. Na mdalasini na mparachichi ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo usishangae. Watu humwita kuvu, ila kwa ukoo yuko karibu zaidi na mwani kuliko kuvu. Anatoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, zenye mikia miwili ya kuogelea. Zinaogelea, Mwalimu, kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo, zikifuata harufu ya sukari inayovuja kwenye ncha za mizizi, zinatua na kuingia. Kisahani kilichojaa kwake ni bwawa. Mfereji kwake ni barabara: ukitoka kwa wa juu ukapita shamba lenye ugonjwa, unakuja nao. Na joto la udongo huko kwako linamfaa kuliko baridi ya Machame juu.

Kama unayo ghalani dawa ya unga ya nyanya, hapa haitasaidia. Mankozebu na shaba, ambazo ndizo dawa za kawaida za nyanya, hukaa pale zilipopuliziwa. Hazishuki kwenye mizizi.

Migrevilea naitoa lawamani kwa sehemu kubwa. Ni kweli mti mkubwa hunywa, na mwaka wa ukame mahindi yaliyopandwa karibu yake hulalamika. Mizizi yake ina tabia ya kuvutia: mahali penye upungufu wa fosforasi inatoa vishada vilivyosongamana kama brashi, ambavyo hutoa asidi za kuyeyusha fosforasi iliyoshikwa na udongo. Ni mti wa Australia mashariki, udongo wa kwao ni maskini, ukajifunza. Lakini wewe mwenyewe umeniambia migrevilea iko mpakani upande wa juu, na miparachichi inayokufa iko chini. Mshtakiwa hakuwepo kwenye tukio. Ukitaka kumtuliza jirani, chimbeni pamoja mtaro mwembamba wa futi mbili mpakani, ukate mizizi inayoingia. Majani yake makavu uyachukue ya kutandazia.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, fanya jambo hili asubuhi moja. Chagua miti mitatu: mmoja mzima wa upande wa juu, mmoja mgonjwa lakini ungali na majani, na mmoja wa katikati. Usichague uliokufa, hautakueleza kitu. Chini ya ncha za matawi, siyo shinani, fungua dirisha dogo kwa mikono au kwa kijiti, upana wa sahani ya ugali na kina cha kiganja. Chukua udongo pamoja na mizizi laini, weka kwenye beseni la maji, tikisa taratibu mpaka udongo uachie. Kisha tazama. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa kwenye ncha, migumu kidogo, ukiukunja mmoja unavunjika kwa sauti. Mizizi iliyooza ni myeusi, ncha hakuna, ukiibana kidogo inasagika. Mara nyingine mti mgonjwa hauna mizizi laini kabisa. Unapekua, unapekua, unakuta ile minene ya rangi ya kahawia ambayo haina kosa, na hakuna kitu kingine. Hiyo nayo ni jibu. Osha mikono na vifaa kabla ya kuhama mti, anza na mzima, malizia na mgonjwa.

Siku hiyohiyo chimba mashimo matatu ya futi mbili, juu, katikati na chini ya shamba, nje ya mizizi ya miti. Yajaze maji, yaache yanywe, yajaze tena jioni. Kesho yake jioni kaangalie. Shimo lenye maji bado, mahali hapo si pa mparachichi kwa namna ulivyopanda.

Ile miti kama 29 ambayo bado iko sawa ndiyo ya kuanza nayo, ingawa moyo unakuvuta kwa wagonjwa. Sawazisha visahani. Udongo uinuke kidogo kuelekea shinani, maji yasisimame hapo. Mfereji mdogo upite kati ya mistari, maji yapite huku yakilowesha pembeni, yasikae. Zamu mara mbili kwa wiki ni haki yako na najua mtu akiiacha anaogopa kuipoteza, ila si lazima kila mti unywe kila zamu. Chimba udongo kina cha kiganja, finyanga mkononi: ukishikamana donge linalong'aa kwa maji, peleka maji yako kwenye mahindi siku hiyo. Tandaza majani makavu ya mgomba, mabua, majani ya grevilea, unene wa kiganja kilichosimama, ukiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina lisioze. Magugu yatakayopenya yang'oe kwa mkono au yafyeke. Samadi iwe imeoza vizuri, isambazwe juu ya matandazo chini ya ncha za matawi. Samadi mbichi ikirundikwa shinani inatoa chumvi na amonia vinavyounguza hiyohiyo mizizi laini. Jihadhari na mchwa tu, huko chini ni wengi kuliko juu. Pekua matandazo mara kwa mara.

Ile 20 usiitendee sawa. Wenye angalau nusu ya mizizi myeupe kwenye dirisha lako wana nafasi nzuri. Wafanyie hayo yote, toa matunda yote hata kama ni mawili na unayapenda, na upunguze theluthi ya matawi ili juu pasidai kuliko chini panavyoweza kutoa. Gome lililobaki juani lipake chokaa, lisibabuke. Usiwape urea kwa sababu ni wa njano. Unjano huo ni wa kukosa mdomo, chakula kipo. Kuhusu dawa, iliyo na maana hapa ni ya kundi la fosfonati, ambayo ikipuliziwa majani au kudungwa shinani hushuka na mkondo wa sukari mpaka mizizini. Niseme ukweli wake: haimwondoi mwangamizi kwenye udongo, hakuna inayomwondoa, inausaidia mti kujilinda, inatakiwa kurudiwa, na mti uliobaki na majani machache hauwezi kuishusha. Kama unategemea kuuza kwa wanaosafirisha nje, waulize kwanza wanunuzi wako, maana masalia ya dawa hizo hupimwa kwenye tunda. Nunua iliyosajiliwa, duka lenye leseni, usome lebo. Mwenye chini ya robo ya mizizi hai, mimi ningeuacha. Kuung'ang'ania ni kulisha ugonjwa.

Upande wa chini kabisa, ambako 11 imekufa, usirudishe mparachichi kwenye mashimo yaleyale. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuinua udongo kuwa vilima vya futi mbili hivi, vipana, na kupanda juu yake, pamoja na mtaro wa kutoa maji nje ya shamba (usiuelekeze kwa jirani mwenye parachichi, tafadhali). Hiyo ni kazi na gharama, na ingefaa ukiwa na miche iliyobebeshwa kwenye shina linalovumilia ugonjwa huu, kama lile la Afrika Kusini liitwalo Dusa. Linavumilia, halina kinga. Ya pili ni kukubali kwamba kona ile ni ya mimea inayopenda maji. Magimbi yatakushukuru, matete ya ng'ombe pia, na hayo mwangamizi huyu hayasumbui. Mimi kwenye ekari moja, kwa umri wako na nguvu zako, ningechagua magimbi na matete. Najua parachichi lina bei. Lakini mti unaokufa kila mwaka wa pili hauna bei.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua. Ukikuta chini ya gome la mizizi minene au la shina, usawa wa udongo, utando mweupe kama karatasi wenye harufu ya uyoga, huo ni ugonjwa mwingine, unaotoka kwenye visiki vya zamani, na hatua zake ni tofauti. Shina likitoka maji au unga mweupe karibu na ardhi, au miti ya upande wa juu, kwenye udongo unaopitisha maji, ikianza nayo kulegea, usisubiri. Mwite afisa ugani wa kata afike shambani, asipewe maelezo ya simu tu. Kwa uthibitisho peleka sampuli Arusha, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Piga simu kwanza uulize siku ya kupokea. Chukua mizizi laini pamoja na udongo wake wenye unyevu, kwenye mti mgonjwa ulio hai, uiweke kwenye mfuko wa plastiki. Isikae juani na isiwekwe kwenye friji, kwani baridi inaweza kumficha tunayemtafuta, na upewe jibu la "hakuna ugonjwa" huku ugonjwa upo.

Kuhusu kitalu, kijana wako ana nusu ya haki. Mkinunua tena, msitazame majani tu. Ombeni kufungua kiriba kimoja kati ya kila kumi mbele ya muuzaji, muone kama mzizi umejikunja chini na kama ncha ni nyeupe. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Na viriba vilivyolazwa juu ya tope lenye maji yaliyosimama, hata kama mche una majani ya kijani kibichi yanayong'aa, viacheni palepale.

Masika hayako mbali. Anza na visahani.